Debe la Bi Hija

Gozbert hakuwa mtu mbaya, ingawa mtaa wake wote kule Chang'ombe ungekuapia kwamba ni mbaya. Alikuwa mtu wa kujisikia, na hilo ni jambo jingine. Alikuja Dar es Salaam kutoka Bukoba kabla ya vita vya Hitla, kijana mwenye cheti cha misheni na jozi moja ya viatu, akaandikwa karani wa stoo katika karakana ya magari. Miaka ikapita, viatu vikabadilika, ukarani ukabaki ule ule. Waliokuja nyuma yake walipanda vyeo. Yeye alibaki pale pale dirishani akigawa misumari na grisi. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi za kufika magotini, na akipita mtaani aliwasalimu watu kwa kugusa ukingo wa kofia. Watu walimwita Bwana Afisa, naye, masikini, alidhani wanamheshimu.

Mkewe Auleria alijua kwamba wanamcheka, lakini hakumwambia. Yeye aliuzoea mji upesi. Alijifunza kukaa mkekani na wanawake wa Kizaramo, kusuka na kusukwa, kupokea bakuli la futari mwezi wa Ramadhani na kurudisha sahani ya pilau Krismasi. Shoga yake mkubwa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Hija, mjane wa umri wa mama yake, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko Temeke akaitika. Bi Hija alifuga kuku, na alimjua kila kuku kwa tabia yake kama mwalimu anavyowajua wanafunzi.

Mtaa ule ulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyefundishwa. Mwewe akionekana juu, wa kwanza kumwona hupiga ukelele, mwenye debe hupiga debe, mwenye sufuria hupiga sufuria, mpaka masikio yanaziba. Kuku wakisikia hivyo hukimbilia uvunguni, vifaranga hujificha chini ya mbawa za mama yao, na mwewe hukata tamaa akaenda zake. Debe la Bi Hija ndilo lililotangulia siku zote. Lilikuwa debe kuukuu la mafuta ya taa, limebonyea upande mmoja, na lilining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa uani pamoja na mwiko wake.

Njiwa waliingia katika maisha ya Gozbert kwa mkono wa Bwana Marselino, Mgoa, karani mkuu wa karakana. Huyu alikuwa mwanachama wa klabu ya njiwa wa mashindano, klabu ya Wazungu wachache na Wagoa wachache zaidi, na kila ilipokuwa siku ya klabu Gozbert ndiye aliyembebea makapu ya njiwa wake. Aliyapitisha mlango wa nyuma, akayaweka chini jikoni, akangoja nje. Mwaka mmoja banda la Marselino lilijaa kupita kiasi, akampa Gozbert makinda, dazeni nzima.

"Hawa si wa kula," alimwonya. "Hawa ni wa kurudi."

Na kweli walikuwa wa kurudi. Unamchukua njiwa kapuni, unampeleka mbali asikopajua, unamwachia, naye anazunguka mara moja, mara mbili, kisha anashika njia ya kwao. Siku ya mashindano kila njiwa huvishwa pete ya mpira mguuni. Njiwa akitua juu ya paa akaanza kujichokonoa manyoya, huyo bado hajafika. Amefika akiingia bandani, bwana wake akamvua ile pete, akaikimbiza klabuni ikatumbukizwe kwenye saa yao maalumu. Kwa hiyo njiwa hufundishwa kuingia bandani mara moja bila kuzubaa, na kila mfugaji ana mwito wake. Mwito wa Gozbert ulikuwa kikopo cha maziwa ya unga chenye punje za mtama ndani. Alipanda kichanja alichokijenga juu ya paa la jiko, akakitikisa kile kikopo, chaka chaka chaka, na njiwa wakashuka.

Hapo ndipo moyo wake uliponaswa. Mtu huyu hakuwahi kuona kitu chochote kikimrudia. Mshahara ulikuja ukaenda, vyeo vilimpita kando, ndugu zake wa Bukoba walimwandikia walipokuwa na shida tu. Na sasa kiumbe chenye mbawa, chenye mbingu nzima ya kuchagua, kilichagua kurudi Chang'ombe, juu ya paa la jiko lake. Mara ya kwanza walipomrudia kutoka Kawe, alikowapeleka kwa baiskeli akamwachia rafiki yake kapu awafungulie baadaye, alikaa pale kichanjani akalia. Auleria alimwona, akaingia ndani asije akamwaibisha.

Kumfundisha njiwa ni kumpoteza kidogo kidogo. Leo unampoteza Kawe, wiki ijayo unampoteza mbele ya hapo, kisha Bunju, kisha Bagamoyo. Usipompoteza hafai kitu. Ukimpoteza, umemkabidhi kwa kipanga.

Kipanga wa kwanza Gozbert alimwona Bunju, Jumapili aliyopanda lori la mkaa la Fakihi na makapu mapajani. Bunju ya siku hizo ilikuwa mashamba na vichaka. Alifungua kapu, njiwa wakapanda pamoja wakizunguka, na kutoka kwenye mti mkavu kikaondoka kitu cheusi ambacho hakikupiga mbawa hata mara tatu. Hakuna mlio uliosikika. Kilisikika kishindo kidogo, kama mtu anayekung'uta kanga mbichi, halafu manyoya yakaanza kuelea taratibu juu ya vichaka. Fakihi, dereva na mwenye lori, alisema, "Pole, bwana," kisha akaendelea kupakia mkaa wake.

Aliporudi nyumbani alihesabu waliobaki, akahesabu tena. Jumapili iliyofuata aliwaachia mahali pengine, mapema zaidi. Alipoteza mmoja. Iliyofuata aliwaachia karibu na barabara, penye watu. Alipoteza wawili, maana walipoachana angani kila mmoja alishika njia peke yake, na njiwa aliye peke yake ni chakula kilichokwisha kupakuliwa. Mwezi wa mvua haukumalizika kabla hajafika kwenye nusu ya kundi. Na kama vile Bunju haikutosha, kipanga mwingine, jike kubwa la kifua cheupe chenye michirizi, lilihamia Chang'ombe kwenyewe, juu ya tangi la maji la karakana. Sasa njiwa aliyeponea kichakani alisubiriwa mlangoni.

Gozbert alimchukia ndege yule kuliko alivyowahi kumchukia binadamu. Kazini, kila alipoinua macho dirishani, alimwona juu ya tangi ametulia, anapanguza mdomo. Aliomba mlinzi wa karakana ampige risasi, mlinzi akacheka. Alitengeneza manati, akasimama uani na soksi zake za kufika magotini akirusha kokoto angani, na hapo mtaa wote ukacheka. Akaanza kuwachukia na watu. Alisema hawajui thamani ya kitu, alisema ni washamba, yeye aliyetoka kwenye migomba juzi.

Kwa Bi Hija wote walikuwa mwewe tu, anayekula kifaranga na anayekula njiwa. Jumapili moja asubuhi mwewe wa kweli, wale wa mkia wenye panda, alikuwa akizunguka juu ya kuku wake, naye akashika debe. Ilitokea kwamba wakati ule ule njiwa wa Gozbert alikuwa amerudi kutoka Bagamoyo, amechoka, amekunja mbawa, anashuka kichanjani. Debe lilipolia, njiwa alishtuka. Kuku hukimbilia chini. Njiwa hukimbilia juu. Alipanda, akapotelea upande wa Temeke, na Gozbert alitikisa kikopo mpaka jioni bila kumwona tena.

Jioni hiyo aliingia uani kwa Bi Hija bila hodi.

"Nani kakwambia upige debe njiwa wangu wakirudi?"

"Hee, makubwa! Nisipige debe na mwewe yuko juu ya vifaranga vyangu?"

"Vifaranga! Unajua yule ndege katoka wapi? Katoka Bagamoyo!"

"Na mie vifaranga vyangu vimetoka kwenye mayai, baba," alisema Bi Hija. "Hao ndege zako wana faida gani? Huwali, huwauzi, unawapeleka Bunju wakaliwe na mwewe, halafu kelele ziwe zangu?"

Majirani walikuwa wameshachungulia. Mmoja alicheka. Na Gozbert, mtu mzima mwenye kofia, alilitungua lile debe msumarini, akalitupa chini, akalikanyaga kwa viatu vyake vya kazini mpaka likalala bapa. Kicheko kilikatika. Bi Hija hakupiga kelele, jambo ambalo si kawaida yake. Aliinama akaliokota lile bati, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

Kuanzia siku ile mtaa ulimpa Gozbert kisogo, na kwa kuwa mume na mke hulala chini ya paa moja, Auleria naye alipewa chake. Wanawake hawakumtukana. Waliacha tu kumsogezea mkeka. Kisimani walimpisha ateke maji upesi, kama mgeni. Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Bukoba kwamba mama yake Auleria amefariki. Mtu akifiwa Chang'ombe, hata wa mbali, hata asiyeonwa na mtu yeyote hapo, majirani huleta mikeka, huwasha moto, hupika, hulala pale pale na mfiwa. Auleria alitandika mkeka sebuleni akakaa. Walikuja wanawake wawili wa kanisani. Majirani walisimama mlangoni, wakasema pole, wakaondoka. Bi Hija hakuja kabisa.

"Nimemlilia mama kama yatima wa njiani," alimwambia mumewe baadaye. "Kwa ajili ya ndege."

Gozbert alijua amekosa. Alijua tangu debe lilipokuwa bado chini ya kiatu chake. Lakini kwenda kuomba radhi kwa mwanamke anayefuga kuku, yeye karani, hilo lilimkaa kooni halishuki wala halipandi. Akapanda kichanjani akawaangalia njiwa wake waliobaki, ambao walikuwa watatu.

Ulikuwa mwaka wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, na klabu iliandaa mashindano makubwa ya kutoka Tanga. Siku moja Bwana Marselino alimwita Gozbert pembeni ya stoo.

"Nimesema na kamati," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mwenyekiti ameguna, lakini hakukataa. Njiwa wako mmoja tu arudi kutoka Tanga siku ile ile, pete iingie kwenye saa, basi. Wewe mwanachama."

"Mwanachama kabisa, Bwana Marselino?"

"Mwanachama. Unakuja, unakaa barazani, unakunywa chai kama sisi. Bila kapu langu kichwani."

Gozbert alirudi dirishani pake akagawa misumari siku nzima bila kuiona. Si chai aliyoitaka. Nyumbani alikuwa na chai. Alitaka kupita ule mlango wa mbele wa klabu mara moja katika maisha yake, mtu amwone anapita, asiulizwe amemletea nani mzigo. Wengine hutaka mashamba, wengine hutaka wake. Huyu alitaka mlango. Na ufunguo wa mlango ule ulikuwa na mbawa.

Wiki zile za mwisho kabla ya Tanga zilimla. Alitakiwa kuwazoesha njiwa mbali zaidi, naye kila alipofungua kapu alikagua kwanza kila mti mkavu. Mmoja alichukuliwa Bunju. Wa pili alirudi salama kutoka Bagamoyo, akafika juu ya karakana, na yule jike wa kwenye tangi akamtoa angani mbele ya macho ya Gozbert. Akabaki njiwa mmoja, jike mdogo wa rangi ya majivu aliyemwita Simu kwa wepesi wake. Simu alikuwa hapotezi muda. Akisikia kikopo alishuka moja kwa moja kama jiwe, akapita mlangoni mwa banda bila hata kugeuza shingo. Gozbert alikuwa akimlisha mkononi, na usingizini alikuwa akimtaja.

Auleria alimtazama mumewe anavyokonda. Alikuwa amewachukia wale ndege kwa haki kabisa, lakini hakumchukia mumewe. Asubuhi moja alichukua debe lake mwenyewe la kuchotea maji, zuri, jipya, lenye kishikio cha mti, akalisugua kwa mchanga likang'aa, akajitwisha likiwa tupu akaenda nalo kwa Bi Hija. Yaliyosemwa kule ndani Gozbert hakuyasikia. Alisikia kilio cha wanawake wawili, kisha, baada ya muda, kicheko cha Bi Hija kilichopita juu ya ukuta.

"Nimekuombea radhi," Auleria alimwambia aliporudi. "Sasa imebaki wewe mwenyewe. Ukishindwa hili, Baba Apolonia, mie narudi Bukoba kwa mwanetu Apolonia, na njiwa wako atakupikia."

Basi akaenda. Alivua kofia mlangoni, akabisha hodi, akangoja mpaka akaribishwe.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, baba. Pita, pita. Mbona unasimama kama mdai?"

"Nimekuja... Nilikukosea."

"Yamekwisha. Mkeo kashayamaliza." Bi Hija alimsogezea kigoda pale uani. "Na mie nilikosa. Msiba wa mama wa mwenzangu, nikakaa ndani kwa hasira ya bati. Mungu anisamehe. Eti mna jambo lenu Jumapili?"

Gozbert alimweleza habari za Tanga, za pete, za klabu, na za yule jike wa kwenye tangi. Alieleza vibaya, lakini Bi Hija alisikiliza kila neno, kichwa upande, na mwisho akapiga paja.

"Huyo mwewe sie tunamjua! Katumalizia vifaranga mtaa mzima. Basi sikiliza, Bwana Gozbert. Jumapili hupo peke yako. Nyie ni wenzetu."

Juu ya kichwa cha Bi Hija, kwenye ule msumari wa zamani, lilikuwa limetundikwa debe jipya la Auleria na mwiko pembeni. Gozbert aliliona. Alifungua kinywa. Alitaka kusema: lakini siku hiyo, tafadhali, msilipige. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, mtoto angeyasema. Ila yalikuwa ndiyo yale yale aliyokuja nayo safari ile bila hodi, na aliyatamka mbele ya mwanamke yule yule, chini ya msumari ule ule. Atamwambiaje tena habari ya kelele, siku ya kusameheana? Angeonekana amekuja kuomba radhi kwa ajili ya ndege tu. Na pengine, kusema kweli, ndivyo ilivyokuwa kwa nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomfunga mdomo. Akasema, "Ahsante sana, Bi Hija," akavaa kofia akaondoka.

Simu alisafirishwa kwa meli pamoja na njiwa wa klabu. Jumapili Gozbert hakwenda misa. Aliijaza baiskeli upepo, akaiegemeza ukutani ikitazama barabarani, akapanda kichanjani na kikopo chake. Jua likapanda. Chini watu walianza kuingia uani kwake mmoja mmoja, watu ambao hawakuwa wamekanyaga pale tangu debe lile livunjwe. Wanawake waliochota maji na Auleria, wanaume waliokuwa wakimwita Afisa, Bi Hija mbele yao na kanga mpya. Auleria, amerudi kutoka misa ya kwanza, aliwapa viti, mikeka, chai. Walikuwa wamekuja na vyombo vyao. Gozbert aliwaona kutoka juu na hakuvitilia maanani vile vyombo. Macho yake yalikuwa upande wa bahari, kaskazini, kwenye njia ya Kawe na Bunju, na kwa mara ya kwanza tangu aje mji huu aliona kwamba huko chini, kati ya watu wale, ni kwake.

Saa tano hivi akamwona. Nukta kwanza, kisha nukta yenye mbawa. Simu alikuja chini chini juu ya minazi, peke yake, mzito kwa uchovu, lakini amenyooka kama uzi wa fundi. Alikuwa ametoka Tanga. Alikuwa amepita Pangani, Bagamoyo, Bunju na vichaka vyake vyote, na hakuna aliyempata. Gozbert alitikisa kikopo, chaka chaka chaka, na akamwona Simu akikunja mbawa aanze kushuka.

Yule jike akaondoka kwenye tangi.

Alikuwa bado mbali. Mtu aliyekaa miaka mitatu akitazama mambo hayo hahitaji kuambiwa: Simu angeingia bandani kwanza, kwa nafasi ya kutosha, iwapo tu angeshuka moja kwa moja. Gozbert akatikisa kikopo kwa nguvu zaidi, mkono wake wote ukienda juu na chini.

Chini, watu waliona kipanga, na walimwona Bwana Gozbert juu ya kichanja akipiga kopo.

"Keshaanza!" Bi Hija alipiga ukelele. "Mwewe! Mwewe huyooo! Pigeni, jamani!"

Debe likalia. Yakalia na mengine, na sufuria, na sinia, na vifuniko, na watu kwa vinywa vyao, na katikati yao Auleria na mchi mkononi akilipiga beseni lake kama mtu anayezima moto. Ulikuwa mtaa mzima. Hata wale waliokuwa majumbani mwao walitoka na walichokishika. Kikopo cha mtama hakikusikika tena hata kwa aliyekuwa amekishika.

"Nyamazeni!" Gozbert alilia. "Nyamazeni!" Na kwa kuwa sauti haikutoka, aliwapungia kwa mkono uliokuwa mtupu, chini, chini, chini. Walimwona akipunga. Wakapiga zaidi.

Simu alikuwa amefika karibu kiasi cha kuonekana ile pete ya mpira mguuni. Alishtuka, akafungua mbawa, akapanda. Alipanda kwa nguvu zilizobaki za safari nzima, juu ya paa la Bi Hija, juu ya minazi, mpaka kwa yule aliyekuwa akimngoja. Kile kishindo kidogo Gozbert hakukisikia kwa sababu ya makelele. Aliona tu manyoya.

Debe moja likanyamaza, na lingine, mpaka likabaki la Bi Hija peke yake, ambaye alikuwa bado akipiga na machozi yanamtiririka. Halafu naye akaacha. Wanaume walivua kofia zao. Mtu alimsaidia Gozbert kushuka ngazi, na kila mmoja alimpa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama kwenye mazishi.

"Tulijitahidi, baba," Bi Hija alimwambia, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu shahidi, tulijitahidi."

Gozbert aliwatazama. Kulikuwa na neno moja alilotaka kulisema, na hasira yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba angeweza kukanyaga kila debe lililokuwa pale uani. Kisha hasira hiyo ilikosa pa kwenda. Walikuja. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuja kwa wema, na wema wao ndio uliomuua ndege wake, na aliyepaswa kuwaambia alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Bi Hija amefunga mdomo.

"Ahsanteni, majirani," alisema.

Walikaa naye mpaka jua likapungua makali. Wanawake walipika. Klabuni hakuingia, wala mwaka uliofuata wala baada ya hapo. Bwana Marselino alimpa pole, akaahidi kumpa makinda mengine, naye akajibu kwamba hana tena mahali pa kuwaweka. Mbao za banda zilimfaa Bi Hija kwa tundu la kuku.

Lakini jioni ile ile ya Jumapili, watu walipokwisha kutawanyika na baiskeli ikiwa bado imeegemea ukuta ikitazama barabarani, Auleria alimpakulia mumewe ndizi, akakaa mbele yake. Kiganja chake kilikuwa kimechubuka kwa mchi. Uso wake ulikuwa na huzuni, ila ilikuwa huzuni ya mtu aliyeshiba watu, ambayo Gozbert hakuiona usoni mwake hata siku za msiba wa mama yake.

"Baba Apolonia," alisema, "pale juu ulikuwa unatupungia mkono. Ulikuwa unasemaje? Sie hatukusikia kitu kwa kelele zetu."

Gozbert alikitazama kile kiganja.

"Nilikuwa nasema pigeni zaidi."

Auleria alishusha pumzi. "Basi tulikuelewa," alisema, akamwongezea mchuzi.